Kumpeleka Mama Mkwe Kwenye Maporomoko

Njia nzima kutoka Élisabethville, Symphorien hakuona kitu isipokuwa vumbi lililobaki nyuma yao. Mama mkwe wake, Mama Albertine, alikuwa amekaa mbele na dereva. Yeye alikuwa nyuma, juu ya masanduku matupu ya samaki, mgongo ameuelekeza mbele, asije akaona kichwa cha mama wa mke wake kupitia kile kidirisha kidogo cha lori. Alikuwa amevaa suti yake ya kijivu, ile ya ofisini. Ilianza kunuka samaki kabla hawajafika nusu ya safari.

Kwao, kaskazini ya Katanga, mkwe wa kiume na mama mkwe hawatazamani. Hawasemezani, hawagusani, hawali mahali pamoja, na wakikutana njiani mmoja huingia majanini mpaka mwenzake apite. Inaitwa heshima, na mtu aliyelelewa vizuri hailalamikii heshima. Mjini wengi walikuwa wameanza kuilegeza. Katika mtaa wa Kenya, palepale Élisabethville, walikuwapo hata wakwe waliokunywa bia meza moja. Lakini Mama Albertine hakuwa mtu wa kulegeza kitu. Mumewe alifia kazini kwenye reli, watoto wake wa kwanza walikufa wadogo, na katika nyumba yake vilivyobaki vimesimama vilikuwa viwili tu: desturi, na binti yake Brigitte.

Brigitte ndiye aliyekuwa sababu ya safari hii. Alikwenda kujifungulia kwa mama yake, kama inavyopasa kwa mimba ya kwanza, na mwenye kumrudisha kwa mumewe ni mama huyohuyo, kwa neno la kinywa chake. Mtoto alizaliwa, kitovu kikaanguka, akaanza kukaza shingo, akaanza kucheka, na neno halikutoka. Symphorien alikuwa karani wa kampuni ya madini, na kampuni ilikuwa imemhamishia Kolwezi. Mwisho wa mwezi alitakiwa awe kule. Nyumba walipewa wale wanaofika na mke. Anayefika peke yake alitupwa kambi ya makapera, na akishatupwa huko, kutoka ni shughuli. Kila alipotuma mtu kwa mama mkwe, jibu lilikuwa lilelile: bado. Mara ya mwisho jibu lilikuja na mkia. Anipeleke kwanza kwetu Lufira, nikayaone yale maji yanayoanguka, ndipo nitasema.

Basi akampeleka. Alimbembeleza Mgriki mmoja wa biashara ya samaki mpaka akajionea aibu mwenyewe, wakapanda lori lake, wakalala misheni njiani, na Jumapili asubuhi lori likawashusha ukingoni mwa mto.

Clovis aliruka chini wa kwanza, akajinyoosha kama paka. Huyu alikuwa rafiki wa Symphorien, na katika safari hii alikuwa mdomo wake. Maneno yote kati ya mkwe na mama mkwe yalipitia kwake. Kazi hiyo aliipokea kwa furaha kubwa, maana mjumbe hulishwa pande zote mbili.

"Muulize," Symphorien alinong'ona kutoka nyuma ya lori. "Muulize sasa, kabla ya kuchoka."

Clovis alikwenda, akainama kwa adabu, akaongea kidogo, akarudi akitafuna kitu.

"Anasema tuone maji kwanza."

"Shi maji njo ile!" Symphorien aliuonyesha mto kwa kidole.

"Ile ni muto, anasema. Yee anataka ile yenye kuanguka."

Symphorien aliuma meno. Kutoka pale maporomoko yalisikika kwa mbali tu, ngurumo ya chini isiyokatika. Kuyafikia, ilibidi mtu apande mto kwa mtumbwi mpaka kwenye mawe, kisha atembee. Mtumbwi ulikuwa mmoja, mwembamba, na mwenyewe alikuwa mvuvi aliyeitwa Pierre, mtu wa mikono mirefu asiyependa kucheleweshwa.

"Ingieni," alisema Pierre. "Moya nyuma ya mwenzake."

"Haiwezekane," Clovis alimjibu. "Huyu na ule ni bakwe."

Pierre alimtazama Symphorien, aliyekuwa amejificha nyuma ya lori. Akamtazama Mama Albertine, aliyekuwa amejificha nyuma ya kichuguu. Akacheka mpaka akakaa chini.

"Beba moya, urudie mwingine," Clovis alisema.

"Kupanda hii maji mara mbili? Mi si mashini, baba. Mupange akili yenu."

Wakapanga akili yao. Kwanza Symphorien alikaa mbele akitazama mbele, Clovis katikati akiwa ameshika kitenge kama pazia, na Mama Albertine nyuma yake akitazama nyuma. Kila mtu aliridhika kwa muda wa kusukuma mtumbwi majini, halafu sauti ya Mama Albertine ikatoka upande wa pili wa pazia.

"Clovis. Mwambie mi nilikuya kuona maji. Sasa niko naona fasi tumetoka tu."

Wakarudi ukingoni. Wakashuka, huyu kulia na huyu kushoto, Pierre akitukana kwa sauti ya chini, wakapanda upya. Sasa Mama Albertine alikaa mbele, macho mbele, kama malkia. Clovis na pazia lake wakafuata. Symphorien akakaa mwisho, na kwa kuwa hakuruhusiwa kuutazama hata mgongo wa mama mkwe, na pazia lilikuwa likipeperushwa na upepo kila mara, alikaa akitazama nyuma. Nyuma alikuwa amesimama Pierre na upondo wake. Basi mtu aliyeitafuta safari hii, aliyemnyenyekea Mgriki, aliyeomba ruhusa kwa mkubwa wake wa ofisi, alipanda mto wa Lufira akiwa ameyakodolea macho magoti ya Pierre. La kushoto lilikuwa na kovu. Upondo ulipopanda, maji yalimdondokea kwenye suti.

Ngurumo ikakua. Hewa ikawa ya baridi, na manyunyu yakaanza kumgusa kisogoni.

"Ee mama yangu!" Clovis alipiga kelele. "Symphorien! Ile maji iko nasimama kama ukuta! Na upinde iko pale, rangi yote! Kama ungeona!"

"Nione na nini?" alisema Symphorien.

Mbele, mama mkwe alikuwa ameanza kuimba kidogo kidogo, wimbo wa kikwao, na kuimba kwake kulimchoma Symphorien kuliko angetukanwa. Alikuwa na furaha! Yeye anahesabu siku zilizobaki za mwezi, na mtu mwenye neno lake anaimba.

Waliposhuka kwenye mawe, mambo hayakuwa afadhali. Njia ya kupanda ilikuwa ya mtu mmoja mmoja, kati ya vichaka vya miiba na mawe yaliyolowa. Mama Albertine alitangulia akiegemea fimbo, Clovis akafuata na mfuko wa chakula, Symphorien akabaki nyuma kabisa, mbali, macho chini. Tatizo ni kwamba Mama Albertine alikuwa mtu wa kugeuka. Aligeuka kuutazama mto. Aligeuka kumwonyesha Clovis mahali walipokuwa wakitwanga mihogo alipokuwa msichana. Aligeuka kwa sababu alidhani ameangusha kitambaa chake, kumbe kiko kichwani. Kila alipogeuka, Clovis alikohoa, na kila kikohozi kilimrusha Symphorien majanini kama sungura. Mara moja alitua kwenye miiba. Mara nyingine alitua juu ya siafu, na ilimbidi asimame hapo, tuli, wakimpanda miguuni, mpaka mama amalize kueleza habari za mihogo.

Chakula alikiona kwa mbali. Kula mbele ya mama mkwe ni mwiko, na mfuko ulikuwa kwa Clovis, na Clovis alikuwa amekaa juu ya jiwe na mama mkwe wakifungua sardini. Harufu ilimfikia. Alimeza mate, akavua kiatu, akamtoa siafu mmoja aliyekuwa amebaki kati ya vidole.

Clovis alikuja baadaye, midomo inang'aa mafuta.

"Umemuuliza?"

"Nimemuuliza. Anasema hii ni ya juu. Bado ya chini, fasi maji inapiga."

"Kesho atasema bado ya chini ya chini! Clovis, huyu mama ananichezea. Mwambie kampuni haina kungoya. Mwambie—"

"Nimwambie na hasira, ao bila hasira?"

Symphorien alifikiri. "Bila hasira," alisema, na hasira ikamshuka tumboni ikakaa huko na njaa.

Wakateremka. Njia ya chini ilikuwa mbaya zaidi, watu walishika mizizi, na ngurumo ilizidi mpaka ikawa si sauti tena bali kitu kilichotikisa kifua. Pale chini maji yalidondoka kutoka juu kwa upana wote wa mto, meupe, mazito, yakapasuka juu ya majabali na kupanda tena kama moshi wa jiko. Na hapo Symphorien, akiwa nyuma ya mti, aliona kwa mara ya kwanza walichokuja kuona. Hakuwa na nafasi ya kukifurahia. Alikuwa ameelewa jambo moja lililomkata maini: pale hapakuwa na mjumbe. Clovis alifungua mdomo, akafunga, akafungua, kwa nguvu, mishipa imemsimama shingoni, na hakusikika hata kwa mtu aliyekuwa kando yake. Kusemezana pale ilikuwa mdomo kwenye sikio tu.

Mama Albertine hakuwa na haja ya kusema. Alikunja kitenge mpaka magotini, akatoa unga aliokuwa ameufunga kwenye ncha ya leso, akaingia kwenye mawe ili kuyasalimia maji ya kwao. Alikanyaga jiwe la kwanza, la pili, la tatu, kama msichana. Akarusha unga. Akasimama kitambo, amefumba macho, mvua ya manyunyu ikimlowesha. Halafu akageuka kurudi, akaona alikotoka, na miguu ikamwisha nguvu.

Symphorien aliiona ikitetemeka. Mawe yalikuwa na utelezi wa kijani, na kati ya jiwe na jiwe maji yalipita kwa kasi. Fimbo yake aliiacha ukingoni. Mama alinyoosha mkono upande wao, akafungua mdomo, na hakuna kilichosikika.

Clovis aliyatazama maji, akavitazama viatu vyake vya rangi mbili, akaja akaweka mdomo kwenye sikio la Symphorien. "Mi sijue kuogelea! Nitakufa!"

Sasa jamani, mtu angefanya nini? Symphorien alijua vizuri gharama ya kumgusa mama mkwe. Haya ikivunjwa, ni mbuzi, na mbuzi huyo haletwi na mkosaji mwenyewe. Huletwa na baba zake, waje kutoka kaskazini, wakae, waombe msamaha. Mpaka mbuzi aliwe, maneno yote ya ndoa yanafungwa. Baba zake walikuwa mashambani mwao na hawangefika mwezi huu, wala ujao. Kumshika mkono yule mama kulikuwa kumwacha Brigitte. Alisimama pale, kwa muda mfupi lakini alisimama, akilipima jambo hilo, na alijichukia kwa kulipima.

Alivunja tawi refu, akalinyoosha akiwa ameelekeza uso pembeni. Mama Albertine alitikisa kichwa. Sasa alikuwa ameyashika magoti yake kwa mikono miwili, na asingeweza kuyaachia. Mguu mmoja ukateleza, ukaingia majini mpaka gotini.

Symphorien akatupa tawi, akaingia na suti yake. Alipomfikia aligeuka, akampa mgongo, akachuchumaa, angalau asimwone. Akahisi mikono miwili ikimzunguka shingo. Alikuwa mwepesi, huyu mama aliyemlemea miezi yote hii. Aliinuka, akatafuta jiwe kwa mguu, akalipata, akatafuta la pili. Na hapo, mdomo ukiwa kwenye sikio lake, alisikia sauti ambayo hajawahi kusemeshwa nayo.

"Mukibeba Brigitte, nani atanizika? Niko pekee yangu, mukwe. Niko pekee yangu."

Alimfikisha ukingoni, akamtua, akaondoka haraka bila kugeuka.

Walipanda mpaka mahali ambapo ngurumo ilipungua na watu wakaweza kusikilizana tena. Mama Albertine alikaa upande mmoja wa jabali, amejifunika kitenge kilicholowa mpaka usoni. Symphorien alikaa upande wa pili, akikamua soksi. Clovis alisimama katikati, mjumbe amerudi kazini. Halafu kutoka upande wa mama mkwe ikaja sauti ileile ya siku zote, kavu, iliyonyooka.

"Clovis. Mwambie amenigusa. Baba zake bakuye na mbuzi. Mbuzi isipofika, maneno ya Brigitte hakuna."

Clovis aligeuka ampelekee ujumbe, kana kwamba mwenye masikio hakuwapo. Symphorien alimzuia kwa mkono. Kitu kilikuwa kimemkatika ndani, na alipoongea alijishangaa kwa utulivu wake.

"Ile mbuzi, ni ya kugusa?"

"Ya kugusa."

"Na kama ningesema naye, ni mbuzi ingine?"

Clovis alikuna kichwa. Alizijua desturi kama wengine wanavyoijua katekisimu. "Apana. Haya ikivunjika, imevunjika. Mbuzi ni moya ya bintu yote."

"Na kumuangalia?"

"Ni ile ile moya. Lakini, Symphorien—"

Symphorien alikuwa ameshasimama. Alilizunguka jabali, akaja akasimama mbele ya mama wa mke wake, akamtazama usoni. Mama Albertine alishtuka akavuta kitenge, lakini alikuwa amechelewa.

"Mama," alisema Symphorien. "Niko nasema na kinywa yangu. Tokea jana sikule kintu. Nimepanda muto yote sikuone maji, nimeona magoti ya Pierre tu. Siafu imenikula sababu ya habari ya mihogo yako. Mutoto yangu, wa damu yangu, niko namubebaka kama mwizi, saa ile unaendaka mu misa! Mi sikukukosea, mama. Mi nataka bibi yangu. Nimemupenda, na nitamuchunga vizuri. Na kama unaogopa kubaki pekee yako, shi ungesema! Kuya na weye! Kuya Kolwezi, tukae bote, tumalize hii maneno!"

Sauti yake ilikuwa imepanda mpaka ndege wakaruka mtini. Kwa mbali maji yaliendelea kuanguka.

Mama Albertine alikishusha kitenge polepole. Alimtazama. Alimtoa binti yake kwa mtu huyu, akala mahari yake, akapokea salamu zake, na hakuwahi kumwona usoni. Alimwangalia kuanzia paji la uso mpaka kidevu, macho mekundu, miiba ya shingoni, tai iliyopinda.

"Kumbe uko mutoto hivi," alisema taratibu.

Symphorien aliona haya. Haya yote ya miezi hiyo ilimrudia kwa mkupuo mmoja, akainamisha kichwa, akarudi upande wake wa jabali karibu kukimbia. Nyuma yake alisikia mama akipenga kamasi. Halafu kitenge kikavutwa tena usoni, na sauti ikawa ya shughuli.

"Clovis. Mwambie nimeitika. Mbuzi itakuya saa itakuya. Tukifika, Brigitte atafunga bintu yake." Akapenga tena. "Na miye nitafunga yangu."

Furaha ilimfika Symphorien kwanza. Brigitte! Alitaka kumkumbatia Clovis, akamkumbatia kweli, suti ikachuruzika maji kwa wote wawili. Kisha sehemu ya pili ya ujumbe ikamfikia, akamwachia Clovis polepole.

"Clovis," alinong'ona. "Mwambie ilikuwa hasira. Ile ya kuya na yee. Irudishe."

Clovis alimtazama kwa huruma ya kweli, na Clovis hakuwa mtu wa huruma nyingi.

"Mi? Nitarudisha namna gani? Kama neno ungenipa miye, ningeipeleka, na kama ni mubaya tungesema Clovis amekosea, Clovis ni mulevi. Njo kazi ya mujumbe, ndugu yangu. Leo umesema na kinywa yako mwenyewe, macho ku macho na mama mukwe. Neno ya vile hairudiake."

Symphorien alikaa chini. Aliwaza nyumba za kambi za kampuni, jinsi zilivyo ndogo, jinsi kikohozi cha jirani kinavyosikika. Alimwaza Brigitte akicheka, na alijua angecheka sana. Alitamani kulia na alitamani kula.

"Clovis," mama mkwe aliita kutoka upande wa pili, na sasa sauti yake ilikuwa ya mtu aliyelala vizuri. "Muulize. Ile nyumba ya Kolwezi iko na milango ngapi? Shi mi siwezi pita mulango moya na mukwe."

Clovis aligeuka. Symphorien alijibu bila kuinua kichwa.

"Mwambie iko moya."

Ujumbe ukazunguka jabali. Mama akafikiri.

"Haina matata," alisema Mama Albertine. "Yee atakuwa anapita ku dirisha."